Joto la Ziada na Insafu ya Akili

Mwanadamu ana njaa mbili. Ya kwanza ni njaa ya tumbo, na chakula chake ni mkate; ya pili ni njaa ya akili, na chakula chake ni sababu. Mtoto huuliza kwa nini kabla hajajua kufunga kifungo cha kanzu yake, na mzee huiaga dunia na maswali ambayo hayakupata majibu. Njaa hii ya pili imejenga elimu zote. Lakini, kama ile ya kwanza, ikizidi humfanya mtu ale kisicholiwa. Akili yenye uchu wa sababu huweza kupokea, tena kwa shukrani, sababu ya jambo ambalo halikutokea.

Waswahili husema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina busara yake katika mambo ya watu, maana mara nyingi uvumi hutangulia habari. Lakini je, ina nguvu hiyo hiyo katika mambo ya maumbile? Jambo likisemwa na watu wenye elimu na heshima, ni halali kulitafutia sababu kabla ya kuthibitisha kuwa lipo? Na likiisha kupata sababu nyingi na nzuri, wingi wa sababu hizo ni ushahidi wa kuwapo kwake? Maswali haya ni ya insafu kabla ya kuwa ya fizikia. Yameulizwa kwa uchungu mkubwa katika habari ya joto la ziada, ambalo baadhi ya wataalamu wanasema kuwa hutoka katika metali iliyoshiba haidrojeni, wala hakuna moto uliowashwa.

Kabla ya kuitazama habari hiyo, inafaa kukumbuka mambo mawili yaliyotokea Ufaransa katika mwaka mmoja, 1903. Katika mwezi wa Machi, Pierre Curie na Albert Laborde walitangaza kuwa chumvi yenye radiamu hukaa daima na joto lililozidi joto la vitu vinavyoizunguka kwa kadiri ya nyuzi moja na nusu. Walikadiria kuwa gramu moja ya radiamu hutoa kalori 100 hivi kila saa, joto linalotosha kuyeyusha barafu yenye uzito uliozidi uzito wa radiamu yenyewe. Tena saa baada ya saa, mwezi baada ya mwezi, wala radiamu haikuonekana kupungua. Hili lilikuwa joto la ziada kwa maana kamili ya maneno hayo. Hapakuwa na kuni wala makaa, na kemia yote iliyojulikana haikuwa na akiba ya kulilipia. Nadharia ya kulieleza ilikuwa bado changa, na wakubwa wa elimu walikuwa wakibishana juu yake. Hata hivyo joto lenyewe halikukanika, kwa sababu nyepesi: kila aliyekuwa na radiamu na kipimajoto aliliona. Halikuchagua mkono wa mpimaji, wala halikungoja imani yake.

Muda mfupi baadaye, katika mji wa Montreal, Ernest Rutherford na Howard Barnes waliitenga gesi itokayo katika radiamu, wakaona kuwa sehemu kubwa ya joto iliifuata gesi hiyo, na joto hilo likapungua sawasawa na kupungua kwa mionzi yake. Joto likafungamana na chanzo chake kama kivuli na mwenyewe. Nadharia ya kugeuka kwa atomu haikuletwa ili kulilinda joto na wenye shaka. Joto lilikuwa limekwisha simama kwa miguu yake, na nadharia ilikuja kulipokea.

Jambo la pili la mwaka huo lilikuwa kinyume cha la kwanza. Katika mji wa Nancy, René Blondlot, mwalimu wa fizikia aliyeheshimika, alitangaza kuwa amevumbua mionzi mipya, akaipa jina la herufi ya kwanza ya mji wake. Mionzi hiyo ilijulikana kwa kuzidi kidogo kwa mwanga hafifu uliotazamwa gizani. Wataalamu wengi wa Ufaransa waliiona pia, wakaiandikia makala, wakaipimia tabia na kuigawa katika namna mbalimbali. Mwaka 1904 Robert Wood alitoka Marekani kwenda kuitazama. Gizani aliuondoa mche wa alumini uliosemekana kuipinda mionzi hiyo, wala hakumwambia mtu. Na vipimo vikaendelea kusomwa kama kwamba mche ungalipo. Elimu nzima, yenye vipimo vyake na majedwali yake, ilikuwa imejengwa juu ya kitu kilichokuwa ndani ya macho ya watazamaji tu. Hawakuwa waongo watu wale. Walikuwa na tumaini, na tumaini huona.

Tofauti ya mambo haya mawili haikuwa katika heshima ya waliosema, wala katika uzuri wa maelezo. Ilikuwa katika swali moja: jambo linabaki pale matakwa ya mtazamaji yanapoondolewa? Swali hilo ndilo mizani ya habari ifuatayo.

Tarehe 23 Machi 1989, katika Chuo Kikuu cha Utah mjini Salt Lake City, Martin Fleischmann na Stanley Pons walisimama mbele ya waandishi wa habari. Fleischmann hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa mkemia wa umeme mwenye sifa kubwa, aliyefundisha Southampton na kupokewa katika Jamii ya Kifalme ya Uingereza. Walisema kuwa wamepitisha umeme katika chombo cha maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ya namna nzito, yenye protoni moja na nyutroni moja katika kiini cha atomu. Fito ya paladiamu iliyotiwa majini ilizifyonza atomu za haidrojeni hiyo kama sifongo inavyofyonza maji, na hatimaye chombo kikatoa joto lililozidi umeme ulioingia. Kwa kuwa joto hilo lilikuwa kubwa mno kwa kemia kulieleza, walihukumu kuwa viini vya haidrojeni nzito vinaungana ndani ya metali, kama viini vya haidrojeni vinavyoungana ndani ya jua.

Si vigumu kufahamu kwa nini dunia ilishtuka. Ndani ya jua joto hufika nyuzi milioni 15 hivi. Mataifa tajiri yalikuwa yametumia miaka mingi na fedha nyingi kujenga mitambo ya kuiga moto huo, na bado haujawatii. Hapa palisimama watu wawili na chombo kinachokaa juu ya meza. Katika maji ya bahari, atomu moja ya haidrojeni katika kila 6,400 hivi ni ya namna nzito. Basi bahari yote ingekuwa kuni, wala kuni hizo zisingekuwa na moshi, wala mfalme wa kuzimiliki. Siku moja tu baada ya tangazo lile, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipasuka katika pwani ya Alaska na kuyatia maji weusi. Dunia iliyochoka na moshi, na nyumba maskini zinazopika kwa mkaa na kusoma kwa kibatari, zilikuwa na haki ya kutumaini. Lakini haki ya kutumaini si haki ya kuamini, na mkamia maji hayanywi.

Mambo mawili yalitakiwa kuthibitishwa: kwanza kuwa joto lipo, pili kuwa linatoka katika viini. La kwanza laonekana jepesi, nalo ni gumu. Kupima joto la ziada ni kazi ya mhasibu. Umeme unaoingia huandikwa upande mmoja, joto linalotoka upande wa pili, na baki ndiyo madai yote. Lakini umeme ule huyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zikitoka nje huchukua sehemu ya nguvu. Basi mpimaji wa chombo kilicho wazi huziandika kuwa ni mali iliyotoka. Ikiwa sehemu ya gesi hizo huungana tena ndani ya chombo na kurudisha joto lake humo humo, hesabu huharibika. Ni kama mwenye duka anayeandika kuwa magunia yameuzwa, ilhali yangali ghalani, kisha akafurahia faida. Tena chombo kisipokorogwa vizuri huwa na joto mahali pamoja na baridi mahali pengine, na kipimajoto hutoa habari za jirani zake tu. Makosa kama haya ndiyo aliyoyahofia Nathan Lewis na wenziwe wa California, walipoeleza mwezi wa Mei mwaka ule ule, katika mkutano wa wanafizikia mjini Baltimore, kuwa wamejaribu kwa bidii wala hawakuona joto la ziada. Wengine walisema wameliona. Chombo kimoja kilitoa, cha pili kilikataa. Fito ya leo ilikubali, ya kesho ilikuwa bubu. Watetezi walisema kuwa sharti paladiamu ishibe haidrojeni kiasi cha karibu atomu kwa atomu, na kuwa kuishibisha hivyo ni kazi ngumu. Jibu hilo huenda ni la kweli. Lakini ni jibu ambalo radiamu haikulihitaji.

La pili lilikuwa gumu zaidi, na hapa ndipo nadharia zinapoingia. Viini viwili vya haidrojeni vina umeme wa namna moja, navyo husukumana kwa nguvu kadiri vinavyokaribiana. Katika paladiamu havisogezwi karibu zaidi ya vinavyokaa katika molekuli ya haidrojeni nzito yenyewe. Bali kwa kawaida huwa mbali zaidi. Mwaka 1989 Steven Koonin na Michael Nauenberg walikokotoa mwendo wa muungano katika molekuli hiyo, wakapata tarakimu ndogo mno, hata fungu la haidrojeni nzito lenye uzito wa jua lingeona muungano mara chache tu katika mwaka mzima. Huo ndio muujiza wa kwanza uliotakiwa.

Muujiza wa pili ulihusu mazao ya muungano. Maabara nyingi zilikuwa zimekwisha pima kuwa viini viwili vya haidrojeni nzito vikiungana, karibu nusu ya nyakati hutoa nyutroni na heliamu nyepesi, na karibu nusu hutoa protoni na tritiamu. Kutoa heliamu ya kawaida hutokea chini ya mara moja katika milioni. Kwa desturi hiyo, joto la wati moja tu lingetoka pamoja na nyutroni karibu milioni milioni moja kila sekunde, nazo zingemdhuru vibaya yeyote aliyesimama karibu na chombo. Watafiti wa Utah walikuwa hai na wenye afya. Pafukapo moshi pana moto, wasema wahenga. Hapa walionyeshwa moto, wakaambiwa wasiutafute moshi wake. Na muujiza wa tatu ni kwamba, hata kama mazao yote yangekuwa heliamu ya kawaida, muungano huo hutoa mwonzi wa gama wenye nguvu ya elektronivolti milioni 23.8, na mionzi hiyo haikuonekana. John Huizenga, aliyekuwa mmoja wa wenyeviti wawili wa baraza la wataalamu lililoteuliwa na Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 1989, ndiye aliyeihesabu miujiza hii mitatu katika kitabu chake cha mwaka 1992.

Nadharia zilizofuata zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilitoka katika akili kubwa. Julian Schwinger, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965, alifikiri kuwa wavu wa atomu za metali si mtazamaji tu. Kwamba nguvu ya muungano hugawanywa katika mtetemo wa wavu wote, na kwa hiyo hakuna mwonzi unaotoka. Alipendekeza pia kuwa muungano wenyewe huenda ni wa haidrojeni ya kawaida na ile nzito, maana maji mazito hayakosi tone la maji mepesi. Wazo hili lina uzuri wa shairi: msiba wa mmoja ukibebwa na kijiji kizima, hakuna anayesikika akilia. Lakini lina deni. Kiini kilichoungana huvunjika katika muda mfupi mno, mfupi kuliko ule ambao nuru yenyewe huuhitaji kutoka atomu moja hadi ya jirani. Kijiji kitabebaje msiba ambao habari yake haijakifikia?

Wengine waliona heri kuukwepa ukuta wa umeme kuliko kuubomoa. Mwaka 2006 Allan Widom na Lewis Larsen waliandika kuwa juu ya uso wa metali elektroni huweza kupata uzito wa ziada, zikaungana na protoni na kuzaa nyutroni za mwendo wa pole. Na nyutroni, kwa kuwa haina umeme, huingia katika kiini chochote bila ya kubisha hodi. Hapa pia pana uzuri, na hapa pia pana deni. Kuigeuza protoni na elektroni kuwa nyutroni hudai elektronivolti zipatazo laki saba na themanini elfu, ilhali mambo ya kemia huenda kwa elektronivolti moja moja. Na nyutroni ikiisha kumezwa na kiini hutoa gama, ambazo tena yabidi kusema kuwa zimemezwa na elektroni zile zile nzito. Na mwaka 1991 Randell Mills alishika njia ya tatu: hapana muungano wa viini hata kidogo, bali atomu ya haidrojeni huteremka chini ya ngazi yake ya mwisho na kutoa nguvu. Fizikia ya atomu inasema kuwa chini ya ngazi hiyo hapana ngazi.

Mtazamaji asiye na upande atagundua jambo moja katika nadharia hizi: haziungani mkono. Moja inasema ni muungano, ya pili inasema si muungano bali ni kumezwa kwa nyutroni, ya tatu inasema viini havimo kabisa. Mashahidi watatu waliomwona mwizi mmoja, mmoja akasema ni mrefu, wa pili akasema ni mfupi, na wa tatu akasema hakuwa mtu bali ni mbwa, hawaongezi nguvu ya mashtaka, huipunguza. Jambo lililo thabiti huzibana nadharia zake. Huiambia hii: ingia, na ile: toka. Joto la radiamu liliwafukuza waliosema kuwa nguvu yake hutoka nje, kwa kuonyesha kuwa linaifuata gesi yake. Joto la ziada la metali halikumfukuza mtu. Limekuwa mwenyeji asiyemnyima yeyote kitanda, na mwenyeji wa namna hiyo hutia shaka kama nyumba ni yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika habari ya haidrojeni ya kawaida. Mwaka 1989 wengi waliuliza swali la haki: chombo chenye maji ya kawaida kilifanya nini? Maana maji mepesi yalikuwa shahidi wa kinyume. Kama mazito yanatoa joto na mepesi hayatoi, basi uzito wa kiini ndio chanzo. Baadaye wengine walidai kuwa maji mepesi nayo hutoa joto, na mwaka 1994 Sergio Focardi, Roberto Habel na Francesco Piantelli waliandika nchini Italia juu ya joto la ziada katika nikeli na haidrojeni ya kawaida. Huenda mtu akayapokea haya kama ushindi wa pili. Lakini yakipimwa kwa insafu, yana ukali wa kisu chenye makali mawili. Ikiwa haidrojeni zote mbili hutoa joto, hoja ya kwanza iliyojengwa juu ya haidrojeni nzito imepoteza mizani yake. Na ikiwa kosa la kupima ndilo linalotoa joto, ndivyo hasa ambavyo lingefanya: lingeonekana kwa maji mazito na kwa maji mepesi, katika paladiamu na katika nikeli. Nadharia iliyo tayari kupokea matokeo yote mawili haikueleza lolote. Imekuwa wakili, na kazi ya wakili si kujua kama mteja wake ana hatia.

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza. Si haramu kukisia sababu ya jambo lisilothibitishwa. Kisio huweza kumwonyesha mpimaji mahali pa kutazama, na bila ya kisio mikono hupapasa gizani. Andrei Sakharov na wengine walikisia katika miaka ya 1940 kuwa chembe iitwayo muoni, ambayo ni nzito kuliko elektroni mara 207 hivi, ingeweza kuvikaribisha viini vya haidrojeni hata viungane bila ya moto. Na mwaka 1956 Luis Alvarez na wenziwe wa Berkeley waliuona muungano huo katika chombo chao. Kwa hiyo muungano wa viini katika baridi upo, wala hakuna mwanafizikia aukanaye. Haukuleta utajiri, kwa kuwa muoni huishi sehemu mbili hivi katika milioni za sekunde, nayo huchukua nguvu nyingi kuitengeneza kuliko inayorudisha. Lakini nadharia yake ilisema mapema kitakachoonekana na kisichoweza kuonekana. Uhalali wa kisio, basi, hauko katika wakati wake wa kuzaliwa; uko katika kukubali kufa. Anayekisia ili ajue mahali pa kupima amefanya kazi ya elimu. Anayekisia ili asiulizwe kipimo amefanya kazi ya kuificha.

Insafu, hata hivyo, haina jicho moja. Waliokataa nao wana hesabu ya kutoa. Watetezi wa joto la ziada walikuwa na hoja moja iliyostahili kusikilizwa: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Melvin Miles na wengine walisema kuwa wamepata heliamu kwa kiasi kinacholingana na joto, yaani walidai kuwa wameuona moshi wa moto wao. Jibu la haki kwa hoja hiyo ni kusema kuwa hewa ya kawaida ina heliamu zaidi ya sehemu tano katika milioni, kiasi ambacho mara nyingi hukizidi kile kilichotafutwa, na kuwa kupenya kwake kidogo ni hatari kubwa. Kisha kutengeneza chombo kisichopenya na kupima tena. Jibu lisilo la haki ni kicheko. Kicheko kilitumika mno. Schwinger, alipokataliwa makala zake kwa maneno aliyoyaona kuwa ya dharau, alijitoa katika Jamii ya Wanafizikia wa Marekani. Yawezekana kuwa nadharia yake ilikosea. Lakini kukosea si aibu, na aliyekosea kwa hoja hustahili kujibiwa kwa hoja. Elimu inayoogopa swali la mpumbavu itanyamaza siku moja mbele ya swali la mwenye hekima, maana mwanzoni maswali yao hufanana.

Kwa hiyo wanastahili sifa waliorudi kupima bila ya kicheko na bila ya kiapo. Mwaka 2004 Wizara ya Nishati ya Marekani iliita wakaguzi wapya. Juu ya joto walitofautiana, lakini wengi wao hawakushawishika kuwa viini vimehusika. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti wapatao 30, kilichogharimiwa na kampuni ya Google tangu mwaka 2015, kilitangaza katika jarida la Nature kuwa hakikupata ushahidi wa joto hilo, wala hakikufunga mlango; kilisema kuwa hali ngumu za metali iliyoshiba haidrojeni bado zinastahili kuchunguzwa, na kuwa njiani kimepata vyombo bora vya kupimia. Mwaka 2025 baadhi ya watafiti hao hao walitangaza kuwa kuishibisha paladiamu haidrojeni nzito kwa umeme kuliongeza kwa asilimia 15 hivi muungano uliosababishwa na chembe zilizorushwa kwa kasi juu yake. Hawakuhesabu joto, walihesabu nyutroni. Nguvu iliyopatikana ilikuwa ndogo mno kuliko iliyotumika, nao walilisema hilo wazi. Ni jambo dogo, lakini lina moshi wake.

Pana mtu mmoja ambaye habari yake yafaa kuwekwa karibu na habari hizi zote. Mwaka 1926, miaka 63 kabla ya tangazo la Utah, Friedrich Paneth na Kurt Peters waliandika mjini Berlin kuwa haidrojeni iliyofyonzwa na paladiamu imegeuka kuwa heliamu. Lilikuwa tangazo ambalo lingeweza kumpa mtu jina la milele. Lakini hawakukaa kulitetea. Walirudi kwenye vyombo vyao kama maadui wa maneno yao wenyewe, wakaona kuwa kioo na asbesto vilivyotumika huachilia heliamu iliyojificha ndani yake pale vinapopashwa moto penye haidrojeni. Mwaka 1927 wakaandika kuwa walichokiona kilikuwa heliamu ya kioo. Hakuna aliyewashurutisha, wala hakuna mgeni aliyeondoa mche gizani; waliuondoa wenyewe.

Huo ndio mwisho wa jambo. Lisemwalo huenda lipo, na kama halipo huenda laja. Maumbile hayakumwahidi mtu kuwa yamekwisha kusema yote, wala joto la radiamu halikuomba ruhusa ya nadharia za siku zake. Lakini kati ya lisemwalo na lililopo pana safari, na safari hiyo haisafiriwi kwa wingi wa maelezo. Hutembewa kwa kipimo, na anayetembea sharti awe tayari kufika asikotaka. Fleischmann alifariki mwaka 2012 bila ya kuona madai yake yakikubaliwa. Bahari bado imejaa haidrojeni nzito, na katika nyumba nyingi mkaa bado unafuka. Mtu akiamka kesho na chombo kinachotoa joto kwa kila mkono, kwa mwenye kuamini na kwa mwenye kukana, hatahitaji nadharia ya kumtetea, zitamfuata zenyewe. Hadi siku hiyo, heshima ya akili ni kuikalia njaa yake pasipo kula kisicholiwa, na pasipo kumcheka anayetafuta chakula.